Jinsi ya kufuata kijito kimyakimya na kuona kilichomo (kwa watu wa Moshi, na wa Arusha pia)

Nikisema Jumamosi asubuhi naenda mtoni, watu wanajua naenda maporomoko, yaani picha mbili tatu, nyama choma, kurudi. Hapana bana. Mi naenda kwenye kijito cha kawaida kabisa, kile ambacho ukipita darajani na bodaboda hata shingo hugeuzi, nakaa huko masaa matatu halafu narudi nyumbani kunywa chai. Na kwa hayo masaa matatu natembea kama mita mia tano, ikizidi sana kilomita moja.

Nimeulizwa sana huwa naona nini huko, na watu wengine wameenda wenyewe wakarudi wanasema hamna kitu, maji tu na majani. Wanakosea sehemu moja: wanatembea. Wanatembea kama wanawahi basi la Dar. Mtu akipita na mwendo huo kila kitu kinajificha dakika mbili kabla hajafika na kinatoka dakika kumi baada ya yeye kuondoka, kwa hiyo ni kweli haoni kitu, hasingizii. Mwongozo huu kwa kifupi ni wa kukaa, kutembea kumo kidogo.

1. Tafuta kijito kidogo na cha karibu

Usianze na mto mkubwa. Tafuta maji unayoweza kuvuka kwa hatua tatu nne, yenye miti pande zote mbili, na muhimu kuliko yote yawe karibu na unapoishi ili uweze kurudi tena na tena. Ukiwa Moshi panda kidogo kuelekea Uru, Kibosho, Old Moshi, kote huko kila korongo lina maji yake. Wa Arusha mna Themi na Naura zinazoshuka toka Mlima Meru, mjini zimechoka kidogo lakini ukipanda juu kuna vipande bado vina kivuli na maji yanayoonyesha mawe ya chini.

Kama huna pa kuanzia, nenda msitu wa Rau. Uko hapohapo pembeni ya Moshi mjini, ni hifadhi ya msitu chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kuna kiingilio unalipa na unaweza kupata mtu wa kukuongoza. Humo kuna mivule mikubwa ambayo watu watano wakishikana mikono bado wanapungua, na kuna mti unaitwa msoo ambao wataalamu walipoupa jina la kisayansi wakachukua jina lilelile la huku, Oxystigma msoo, ni mti unaopatikana sehemu chache sana duniani na mmojawapo ni huo msitu ambao wengine tumeupita miaka yote tukienda kununua mchele.

Kitu kingine cha kujua kabla hujaenda: haya maji yote, ya Kilimanjaro upande huu na ya Themi pia, yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu mto Pangani, halafu Bahari ya Hindi. Mi hicho kitu kinanisaidia kutokidharau kijito. Unakiona kina upana wa mkeka lakini kina safari kuliko wewe.

2. Muda

Masika, Machi mpaka Mei, mi siendi kabisa kwenye makorongo, sababu nitasema mbele. Juni mpaka Agosti kuna baridi na ukungu, wanyama wanachelewa kuamka kama sisi, ila maji ni mazuri. Januari na Februari maji yanapungua, yanakuwa safi kama kioo, huo ndio msimu wa mambo ya chini ya mawe. Vuli ikianza kunyesha vyura wanapiga kelele, vipepeo wanajaa, na siafu pia wanatembea, hao tutaongea.

Saa 12 asubuhi uwe umeshafika, sio ndio unatoka kwenu. Kufika saa 3 jua limeshapanda, watoto wameshakuja kufua na kuchota, kelele zimeanza. Jumapili asubuhi ndio kimya kuliko siku zote maana watu wako kanisani, ila kama na wewe ni wa kwaya basi utajua mwenyewe.

3. Vitu vya kubeba

Vichache. Viatu vyenye meno, raba ya kawaida yenye soli iliyoisha ni kujitafutia kuvunjika kiuno, gambuti ni nzuri zaidi. Suruali ndefu, na miguu ya suruali uichomekee ndani ya soksi, utaonekana wa ajabu lakini kupe na siafu hawataingia kirahisi. Nguo za rangi ya majani makavu au kijani iliyofifia, jezi nyekundu iache nyumbani. Maji ya kunywa ya kwako, ndizi mbivu mbili, karanga. Daftari dogo na PENSELI, sio kalamu, kalamu ikilowa maandishi yanakimbia yote penseli inabaki. Darubini kama unayo, kama huna usiahirishe safari, nusu ya vitu nitakavyosema viko umbali wa mkono.

Simu iweke kwenye kopo la siagi la plastiki lenye mfuniko unaobana. Mi niliona ushamba hiyo kitu mpaka siku simu yangu ilipoteleza toka mfuko wa shati wakati nimeinama kuangalia kaa, ikaenda chini ya maji taratiibu huku imewaka tochi, nikaiona kabisa inavyoshuka. Mchele haukusaidia. Sasa hivi nina kopo.

Sauti ya simu zima. Na usicheze sauti za ndege kwenye simu ili waje, ndege anakuja kweli lakini anakuja akidhani kuna mwenzake kavamia eneo lake, unamharibia asubuhi nzima kwa ajili ya picha.

4. Salimia, tena mapema

Hiki hutakikuta kwenye maandishi ya wazungu kuhusu kutembea porini, na huku kwetu ndio kinaamua kama utaona kitu au utarudishwa. Vijito vya huku mlimani havipiti porini, vinapita katikati ya vihamba vya watu, yaani mashamba yao ya nyumbani. Mgomba ule una mwenyewe, kahawa ile ina mwenyewe, majani yale ya ng'ombe yana mwenyewe. Mtu anayenyemelea pembeni ya maji alfajiri na begi mgongoni, anainama, anasimama, anaandika kitu, unadhani anafikiriwa nini?

Siku yangu ya kwanza kwenye kijito ninachoendaga sasa hivi, kuna babu mmoja alitokea kwenye migomba na panga lake la kukatia majani, akasimama tu ananiangalia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akauliza, "Wewe umetumwa na watu wa maji?" Nikasema hapana babu, naangalia ndege. Akanyamaza kidogo. "Ndege wa nani?"

Yaani kwake mtu anayepima pimapima mtoni ni wa serikali, au ni wa kupima shamba liuzwe, hakuna wa tatu. Na ana haki kuwa na wasiwasi, kuna sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 toka kingo za mto, na watu wengi migomba yao iko hapo tangu enzi za babu zao. Kwa hiyo salimia, sema unatoka wapi, sema unachofuata, onyesha daftari lako kama limeandikwa ndege ndege tu. Ukijua "shimbonyi" na "aika", salamu na asante za Kichagga, zitumie hata kama unazitamka vibaya, wazee wanacheka na ukichekwa umeshakaribishwa.

Ukikutana na mfongo, ule mfereji wa asili unaotoa maji mtoni kuyapeleka mashambani, vuka kwa kuruka. Usikanyage ukingo wake, na hilo jiwe lililokaa kwenye mdomo wa mfongo usiliguse kabisa hata kama unahisi chini yake kuna kitu kizuri, hapo kuna zamu ya mtu ya maji, ukilisogeza umeiba bila kujua. Mifongo ilikuwepo kabla mkoloni hajafika, ina sheria zake. Na ukiona masale yamepandwa mstari ujue huo ni mpaka, pita kwenye njia.

5. Panda, usishuke

Anzia chini uende kinyume na maji. Sababu ziko tatu na zote nimezihakikisha kwa miguu yangu. Ya kwanza, alfajiri hewa baridi inashuka toka mlimani, kwa hiyo ukiwa unapanda upepo unakupiga usoni, harufu yako inabaki nyuma, walioko mbele hawajui kama unakuja. Kwenye saa 4 hivi jua likishapasha miteremko upepo unageuka unaanza kupanda, ndio maana asubuhi ina faida yake. Ya pili, ukikanyaga maji ukatibua tope, tope linaenda nyuma yako, mbele kunabaki kweupe. Ya tatu, kupanda kunakuchosha, na mtu aliyechoka anatembea taratibu bila kujilazimisha.

Hatua kumi, simama. Hesabu mpaka thelathini. Hatua kumi nyingine. Kanyaga pembeni penye majani mabichi, majani makavu yanapiga kelele kuliko chips.

Ukifika mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro simama hapo ugeuze, msitu wa juu uko ndani ya hifadhi, kuingia kuna taratibu zake na malipo yake.

6. Kaa

Hapa ndio penyewe. Tafuta jiwe kavu au mzizi mkubwa, mgongo uwe na kitu nyuma, mti au ukingo, ili umbo lako lisijichore peke yake. KABLA ya kukaa angalia chini vizuri. Narudia, angalia chini vizuri.

Mimi sikuangalia. Novemba moja nilikaa kwenye gogo zuri lenye ukungu wa kijani, nikatulia kabisa kama nilivyojifunza, dakika kumi sijatikisika, na siafu ndivyo wanavyopenda, wanapanda wengi kwanza bila kuuma halafu ni kama kuna mmoja anatoa amri. Nilivua suruali palepale mtoni nikiruka ruka. Mama mmoja alikuwa anapita na furushi la majani kichwani, akageuzia uso upande wa pili kwa heshima zake akasema tu, "Pole mwanangu, hapo ndio barabara yao," akaendelea.

Basi, ukishahakikisha hamna siafu, kaa dakika 20. Weka saa. Dakika tano za kwanza hakuna kitakachotokea na utajiona mjinga, utatamani kushika simu. Kwenye dakika ya saba ya nane vile vidogo vinarudi. Kereng'ende anatua kwenye kijiti kilekile alichotoka, angalia vizuri, ana kijiti chake, akiruka kukamata kitu anarudi palepale. Kwenye maji yaliyotulia pembeni wadudu wanaoteleza juu ya maji wanarudi katikati, na kama jua limefika utaona kivuli chao chini kwenye mchanga, kivuli cha miguu ni vijiduara sita vinene kuliko mguu wenyewe, kwa sababu kila unyayo umebonyeza ngozi ya maji bila kuitoboa. Mi hicho kivuli naweza kukiangalia nusu saa.

Kwenye dakika ya kumi na tano wanakuja wakubwa. Huko juu kwenye mawe na maji yanayokimbia kuna kindege cha kijivu mgongoni cheupe tumboni, mkia mrefu, kinarukia jiwe kinatikisa mkia juu chini juu chini, jiwe linalofuata vilevile. Huku chini maji yakitulia kuna mdiria, mdogo, mgongo wa bluu inayowaka, mdomo mwekundu, anakaa kwenye unyasi amenyamaza kabisa halafu unasikia "chubwi" na ukiangalia ameshatoka na kisamaki anakipigiza kwenye tawi. Na kuna fundichuma, ndege wa kahawia ambaye kichwa chake kina kishungi nyuma kikilingana na mdomo mbele mpaka kichwa kinafanana na nyundo. Huyo anatembea majini anatikisa tikisa mguu mmoja kwenye tope ili vyura watoke. Kiota chake ni jumba, mzigo mkubwa wa vijiti kwenye mti una paa na mlango uliokandikwa udongo, na wazee wengi watakwambia usikiguse kina mkosi. Huo mkosi mimi nauunga mkono asilimia zote, umewalinda ndege hao bila kulipa askari.

7. Geuza jiwe moja

Moja. Sio kumi. Chagua jiwe la ukubwa wa mkate kwenye maji yanayokimbia yasiyozidi kifundo cha mguu, liinue polepole kwa mikono miwili, ligeuze uangalie tumbo lake likiwa bado linachuruzika.

Utaona vitu vinakimbia kwenda upande wenye kivuli. Vile vilivyobapa kama vimekanyagwa, vyenye mikia mitatu myembamba nyuma, ni watoto wa wadudu ambao wakikua wanaota mbawa, wanaruka, wanazaa na kufa kwa siku moja mbili hivi, wakubwa wao hawana hata mdomo wa kulia. Maisha yao karibu yote ni hapo chini ya jiwe. Pembeni unaweza kuona kama kijibomba cha mchanga kimegandishwa kwenye jiwe, urefu wa punje ya mchele, unadhani ni uchafu. Ngoja. Kitatoa kichwa. Ni mdudu aliyejijengea nyumba kwa kuokota punje za mchanga na kuzigundisha kwa uzi wake mwenyewe, wengine wanatumia vipande vya majani au vijiti, kila aina na ramani yake. Jiwe likiwa na hao wawili, na kaa mmoja mwekundu mwekundu akikunyooshea mkasi, ujue maji yako yana hewa ya kutosha na hayajachafuliwa sana.

Ukigeuza jiwe ukakuta tope jeusi lenye harufu na viwavi vyekundu vyembamba kama uzi vinajinyonga nyonga, kijito kinaumwa. Ule wekundu ni damu inayoshika hewa kama yetu, ndio maana wanaweza kuishi mahali ambapo wengine wameshakosa pumzi. Nenda hatua chache juu ya daraja la mjini geuza jiwe, halafu nenda chini ya daraja geuza lingine, hutahitaji mtu akuelezee takataka zinafanya nini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na mpaka leo natoa vipande vya zamani kwenye mizizi.

Jiwe lirudishe lilivyokuwa, upande uleule, shimo lilelile. Hilo ulilogeuza ni dari ya watu.

Maji hata yawe na wadudu wazuri namna gani usinywe. Na kuingiza miguu kwenye maji yaliyosimama au yanayotembea kivivu, hasa mabondeni huku kwenye majaruba na mifereji ya mpunga, epuka, konokono wa humo ndio wanaobeba kichocho na vijidudu vyake vinapenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Ukishaingia na baadaye ukaona dalili, damu kwenye mkojo au kwenye choo, nenda kapime, dawa ipo.

8. Tope la pembeni

Pitia haraka tu hapa. Kila mahali maji yamepungua yakaacha tope laini kuna barua ya usiku. Mstari wa mkia katikati na kucha pande mbili, kenge. Vinyayo vidogo vya kama kapaka lakini vyenye alama za kucha, nguchiro, paka anaficha kucha zake. Ukikuta kinyesi juu ya jiwe kimejaa vipande vya gamba la kaa, aliyeacha ni fisi maji au nguchiro wa majini, wote wawili wanamla kaa. Weka sarafu pembeni ya unyayo kabla ya kupiga picha, bila hivyo nyumbani hutajua ulikuwa mkubwa kiasi gani.

9. Inua kichwa

Watu wakishapenda mawe wanasahau juu. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona, mbawa zake zinavuma vuuu vuuu kama mtu anapepea jiko kubwa. Wakati wa kutaga jike anajifungia ndani ya tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo unabaki mwanya tu wa kupitisha mdomo, dume ndio anahangaika kuleta matunda kila siku. Kwa hiyo ukiona dume anarudi rudi kwenye mti mmoja huku shingo imejaa, kaa mbali na mti huo, kuna familia nzima inamtegemea yeye tu.

Mkuyu wenye matunda shinani ni sehemu nzuri ya kusubiri, kila mtu anakuja pale. Mbega nao, weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni, wao wanapenda zaidi majani. Angalia mkono wake akishika tawi, hana dole gumba la maana. Mtoto wao anazaliwa mweupe wote, ukiona kitu cheupe kimebebwa tumboni sio mfuko umenasa.

Na kinyonga. Alfajiri kabla jua halijafika anakuwa bado amelala kwenye ncha ya tawi jembamba, amepauka, unamwona kirahisi kuliko mchana. Huku kwetu yuko mwenye pembe mbili, dume anazo puani zimebapa kama visu vidogo. Najua wengi mnamwogopa, na nyumbani nililelewa hivyohivyo, lakini hana sumu, hana lolote, anachoweza ni kukufokea tu akiwa amefungua mdomo. Tena kundi lake kisayansi linaitwa Kinyongia, wamechukua neno letu wakaongeza kiherufi. Usimshike, mwangalie jicho moja likikuangalia wewe na lingine likitafuta nzi.

10. Mambo ya kukuua

Nyoka wapo, tembea ukiangalia unapoweka mkono, usiingize mkono kwenye shimo la ukingoni, ukimwona mwache apite. Upupu ule wenye maganda ya manyoya ya kahawia usiusogelee hata upepo ukivuma tu. Mawe yenye utelezi wa kijani, kanyaga katikati ya mawili sio juu.

Lakini kinachoua kweli kwenye makorongo yetu ni maji kushuka ghafla. Mvua inanyesha juu mlimani wewe huku chini una jua kabisa, hujasikia hata radi. Kabla hayajafika yanatoa taarifa: maji yanabadilika rangi yanakuwa kama chai ya maziwa, yanaanza kubeba majani makavu na vijiti vingi kwa pamoja, na sauti inabadilika inakuwa nzito kama lori liko mbali linapanda kilima. Ukiona hata kimoja kati ya hivyo usikusanye vitu, usivuke kufuata begi, usirekodi video. Panda ukingo, panda zaidi, halafu ndio ugeuke uangalie. Ndio maana nimesema masika siendi. Na hata kiangazi usikae chini kwenye korongo lenye kuta ambalo huoni pa kutokea.

Nenda na mtu mmoja anayejua kunyamaza, au kama uko peke yako mwambie mtu nyumbani kijito gani na saa ngapi unarudi.

11. Andika kabla hujatoka

Ukisema utaandika nyumbani hutaandika. Mi naandika hivi: tarehe, saa, mawingu, maji yamefika alama gani kwenye jiwe langu, halafu nilichoona bila kupamba. Mfano huu ni wangu wa Februari:

"Saa 12:40. Mlima wazi, baridi. Maji chini ya ule mstari mweupe wa jiwe, vidole vitatu. Fundichuma 1, anakula viluwiluwi. Kindege cha mkia 2, mmoja amebeba nyasi mdomoni, kaingia nyuma ya maporomoko madogo, katoka bila nyasi. Kaa 0, wiki iliyopita 4. Mbona?"

Hilo "mbona" ndio linakurudisha wiki ijayo. Kama hujui jina la kitu chora hata vibaya, andika rangi ya mdomo, rangi ya miguu, alikuwa anafanya nini. Picha unaweza kupandisha kwenye iNaturalist, ni bure, watu wanaojua wanakusaidia jina, ila kiota usikiwekee mahali halisi.

12. Rudi kwenye jiwe lilelile

Usihamehame. Mwaka mmoja kwenye jiwe moja unakupa vitu kuliko vijito kumi mara mojamoja, maana mara ya kwanza hujui nini ni cha kawaida na nini ni kigeni. Mimi nilikaa miezi mitano ndio nikagundua kwamba maji ya kijito changu yanashuka kila Alhamisi, nikaumiza kichwa sana, mpaka nilipomuuliza yule babu wa "ndege wa nani". Akacheka mpaka akakohoa. Alhamisi ni zamu ya mfongo wa ukoo wa ng'ambo.

Siku hizi nikipita kwake na nusu kilo ya sukari ananipa taarifa za wiki bila kuulizwa, amesimama na panga lake vilevile: yule wako wa kichwa cha nyundo alikuja Jumanne na mwenzake, wamebeba miti, wanaenda upande wa mkuyu wa juu. Wiki ijayo naanzia huko.